The Eternity Cure: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kitabu cha pili cha Blood of Eden

Majibu ya hapa chini hayatoboi mwisho wa hadithi, isipokuwa swali moja lililowekewa onyo. Yaliyotokea katika kitabu cha kwanza yametajwa waziwazi, kwa sababu bila hayo huwezi kusema lolote la maana kuhusu hiki cha pili.

Hiki ni kitabu gani hasa?

Ni riwaya ya vijana ya Julie Kagawa, mwandishi wa Marekani, iliyotoka mwaka 2013. Ni ya pili katika mfululizo wa vitabu vitatu uitwao Blood of Eden. Cha kwanza ni The Immortal Rules (2012), na cha tatu The Forever Song (2014). Kagawa alizaliwa Sacramento, California, akahamia Hawaii akiwa mtoto, na kabla ya kuishi kwa kalamu aliwahi kuuza vitabu dukani na kufundisha mbwa. Wasomaji wengi walimjua kwanza kwa mfululizo wa Iron Fey ulioanza mwaka 2010. Ukija huku ukitegemea viumbe wa kichawi na mapambo ya kasri, utakuta magofu, njaa na mahandaki yanayonuka.

Naweza kuanzia hiki cha pili?

Unaweza, lakini utakuwa umejinyima. Karibu kila mtu anayekutana na Allison humu anamdai kitu au anadaiwa naye, na madeni hayo yote yalikopwa katika kitabu cha kwanza. Mwandishi anakumbusha kidogo hapa na pale, ila kukumbushwa kwamba fulani alikusaliti si sawa na kuwa ulikuwepo siku hiyo.

Basi nikumbushe. Cha kwanza kilisema nini?

Miaka 60 hivi kabla ya hadithi kuanza, ugonjwa uitwao Red Lung, yaani pafu jekundu, ulifagia sehemu kubwa ya wanadamu. Vampaya, ambao hadi hapo waliishi mafichoni, walijikuta hatarini kufa njaa kwa sababu chakula chao kilikuwa kinakwisha. Wakatoka hadharani, wakajenga miji yenye kuta, wakawaweka watu ndani. Mji wa New Covington ni mmojawapo. Vampaya wanakaa katikati, kwenye umeme na majengo marefu. Watu wanakaa pembezoni, mahali panapoitwa Fringe, kwenye nyumba zilizobomoka. Ukijiandikisha unapata mgao wa chakula, nawe unatoa damu kwa ratiba. Usipojiandikisha hupati kitu, na ukikamatwa ukiiba unanyongwa mbele ya watu.

Allison Sekemoto, msichana wa miaka 17, hakujiandikisha. Mama yake alimfundisha kusoma katika mji ambao vitabu vimepigwa marufuku, na baada ya mama kufa aliendelea kukusanya vitabu na kuvificha. Siku moja alipenya nje ya ukuta kwenye magofu, akakuta makopo ya chakula kwenye ghorofa ya chini ya nyumba moja, akarudi na wenzake kuyabeba. Wakashambuliwa. Alipokuwa anakata roho, vampaya aitwaye Kanin akamwekea mezani mambo mawili: afe, au awe kile anachokichukia. Akachagua kuishi.

Kanin alimfundisha kuwinda, kupigana, na kujizuia. Wakatenganishwa. Allison akaangukia katika kundi la wasafiri waliokuwa wanatafuta Eden, mji usio na vampaya, wakiongozwa na mzee Jebbadiah Crosse na kijana aliyemlea, Ezekiel, ambaye wote wanamwita Zeke. Akajifanya binadamu. Alipogundulika alifukuzwa, na kundi lilipotekwa na Jackal, mfalme wa majambazi wa pikipiki huko Chicago iliyofurika maji, ni yeye aliyerudi kuwaokoa. Waliobaki walifika Eden. Yeye hakuingia, kwa kuwa lango lile halikujengwa kwa ajili ya watu wa aina yake.

Vampaya wa humu wana tofauti gani na wale tuliowazoea?

Jua linawaunguza sawasawa, halimetameshi ngozi ya mtu. Wakiwa porini wanaweza kuzama ardhini na kulala ndani ya udongo hadi giza liingie. Mwiba wao mkubwa ni uzazi. Wanasayansi walipokuwa wanatafuta dawa ya Red Lung, walifanya majaribio kwa kutumia vampaya, na ugonjwa ukageuka. Wakatokea viumbe ambao kitabu kinawaita rabids. Humu nitawaita vichaa, kwa maana ile ya kichaa cha mbwa. Hawasemi, hawafikiri, wanauma tu. Tangu hapo vampaya wengi wakijaribu kumgeuza mtu wanapata kichaa badala ya mwenzao. Ni wachache tu wa daraja la juu wanaoweza kuzaa mwenzao, na hata hao hawana uhakika.

Maana yake ni kwamba watawala wenyewe ni kizazi kinachokwisha. Wana umri usio na mwisho, lakini hawana watoto. Hilo ndilo linalowafanya wote, wema na wabaya, wakimbilie kitu kimoja katika kitabu cha pili, yaani utafiti wa ile dawa.

Hii habari ya kutoa damu kwa serikali, si ni mumiani tuliosimuliwa na bibi zetu?

Kila msomaji wa Afrika Mashariki anauliza hili, na anauliza vizuri. Wakati wa ukoloni uvumi ulienea Kenya, Uganda na Tanganyika kwamba kuna watu wanaokamata Waafrika usiku na kuwatoa damu. Huku waliitwa mumiani, kule wazimamoto, kwa sababu watu waliwashuku wafanyakazi wa kikosi cha kuzima moto na magari yao mekundu. Mwanahistoria Luise White alikusanya simulizi hizo katika kitabu chake cha mwaka 2000, Speaking with Vampires, akazichukua kama namna ya watu kuuzungumzia utawala uliowabana.

Angalia mnyonya damu wa uvumi huo alivyo. Hana meno marefu wala joho. Ana sare, gari, mshahara na bosi. Damu haiendi tumboni mwake, inaenda kwenye chupa na inatumika mahali pengine. Sasa fungua kurasa za New Covington: daftari la majina, ratiba ya kutoa damu, tiketi ya chakula, askari wa kibinadamu wanaolinda maslahi ya vampaya. Sidai Kagawa alisikia habari zetu. Nasema tu kwamba msomaji aliyekulia na mumiani anaielewa Fringe haraka kuliko aliyekulia na Dracula, kwa sababu kinachotisha pale si kuumwa shingoni gizani. Ni kupanga foleni mchana, na kuona ni kawaida.

Na hapo ndipo Allison anapokuwa mgumu kumweka kwenye fungu lolote. Alikataa daftari, akaishia kuwa yule ambaye daftari liliwekwa kwa ajili yake.

Kitabu cha pili kinaanzia wapi?

Kinaanza Allison akiwa peke yake barabarani, anamtafuta Kanin. Kati ya vampaya na aliyemgeuza kuna kamba ya damu. Yeye anaihisi ikimvuta upande fulani, na akilala anaota mateso ambayo Kanin anafanyiwa na vampaya mwingine, Sarren. Kamba inampeleka Washington, kwenye maabara ya zamani chini ya ardhi. Anayemkuta huko ni Jackal. Kumbe yeye pia aligeuzwa na Kanin, miaka mingi kabla yake, kwa hiyo kamba za hao wawili zinavutana. Kwa lugha ya damu ni kaka yake, na yeye hachoki kumwita dada kwa kejeli.

Wanaamua kutembea pamoja. Njia inawarudisha New Covington, mji aliotoroka, na milango imefungwa. Ndani kuna ugonjwa mpya, mtoto wa Red Lung, na safari hii haubagui. Watu wanajirarua ngozi hadi kufa, na vampaya aliyekunywa damu yao anaoza angali anatembea.

Tuje kwenye lenyewe: Allison amekua kivipi?

Kuna jibu rahisi linalorudiwa sana, kwamba amekuwa mwema zaidi. Mimi sikubaliani nalo. Wema alikuwa nao tangu Fringe, ingawa angekung'ata ukimwambia. Alimlisha rafiki yake Stick kwa miaka, katika mahali ambapo sheria ilikuwa kila mtu na lwake, huku wenzake wakimcheka kwamba anabeba mzigo. Kilichobadilika ni kwamba ameacha kujificha nyuma ya ule wema.

Katika kitabu cha kwanza, Allison anapoishi na kundi la Jeb, kila jambo jema analofanya limejengwa juu ya uongo. Anacheza na watoto wao, anawalinda usiku, na muda wote huo anajua kwamba anasikia mapigo ya mioyo yao. Anajiambia kwamba akiwasaidia vya kutosha, ule upande mwingine utafutika. Haukufutika. Katika kitabu cha pili hana tena mtu wa kumdanganya, na cha kushangaza, hilo linampa utulivu. Anapokutana na binadamu wanajua yeye ni nani, au watajua baada ya dakika mbili. Swali linalobaki ni atafanya nini.

Tazama jinsi njaa ilivyoandikwa. Kagawa angeweza kuilegeza kidogo kidogo, kila sura ikipungua, mpaka mwisho wa kitabu tumpongeze. Hakufanya hivyo. Kila Allison anapojeruhiwa, mwili wake unajitibu kwa kutumia damu aliyonayo, na njaa inarudi na nguvu zilezile, haijali amejifunza nini. Akipigana kumwokoa mtu, baada ya pigano huyo mtu ndiye chakula kilicho karibu. Sehemu za namna hiyo zimeandikwa vizuri kuliko mapigano yenyewe: meno yanajitokeza bila ruhusa, macho yanaganda kwenye mshipa wa shingo ya mtu anayemshukuru, naye anasema kwa mkato kwamba lazima aondoke. Mtu mwenyewe anadhani amemkasirisha.

Kanin alimwambia mapema kwamba kuwa zimwi si jambo la kuchagua tena, ila aina ya zimwi ni hiari yake. Watu wengi wanaichukua kauli hiyo kama faraja. Kitabu cha pili kinaisoma kama bili inayoletwa kila siku. Hakuna siku ambayo amechagua na ikatosha.

Kuna pia yale ambayo hakukua. Bado ni mkaidi. Bado mkono unaenda kwenye upanga wake, ile katana, kabla mdomo haujamaliza sentensi. Na bado anawaamulia watu mambo yao kwa kisingizio cha kuwalinda, hasa Zeke, ambaye amekuwa mtu mzima kwa namna ambayo Allison hataki kuiona. Lingine ni la kwangu binafsi: msichana aliyehatarisha shingo yake kwa ajili ya vitabu katika kurasa za mwanzo za mfululizo, humu vitabu havina tena nafasi kama ile maishani mwake. Najua dunia inawaka moto. Bado nilivitafuta.

Kwa nini kila mtu anampenda Jackal?

Kwa sababu anachekesha, na wengine wote wamenuna. Sababu ya pili ina uzito zaidi: Jackal ni mtu pekee anayesema kweli ambayo wenzake wanaizunguka. Allison anapojisifu kimoyomoyo kwamba hakumuua mtu aliyemnywa damu, Jackal yuko pale kumuuliza wa kesho je, na wa keshokutwa. Yeye hapati shida ya namna hiyo. Binadamu ni chakula, kinachozungumza, basi.

Kazi yake katika kitabu ni kuwa maisha ambayo Allison angeyapata kwa urahisi. Wametoka kwa mwalimu mmoja, wana nguvu zinazokaribiana, wote wawili ni wajanja na wabishi. Mmoja akajenga ufalme wa majambazi, mwingine akalala udongoni ili asiwaume wasafiri maskini. Ndiyo maana mazungumzo yao barabarani ni bora kuliko sura nyingi zenye damu. Kila utani wa Jackal ni mlango ulioachwa wazi, na Allison anaupita huku ameuona.

Amekua? Kidogo sana, na hiyo kidogo usiitafute katika maneno yake. Anaitaka dawa ili aweze kuzaa vampaya wengi na kuwa na jeshi, na halifichi hilo hata mara moja. Kinachosogea ni mahali anaposimama mambo yanapoharibika. Zaidi ya mara moja ungetegemea awe ameshaondoka, ukageuka ukamkuta yuko palepale, amekunja mikono, anatukana.

Kwa hiyo tumsamehe?

Aliyemuua Darren, kijana wa kundi la Jeb, kwa kumfungia na kichaa mbele ya watazamaji? Hapana. Kuna wasomaji wanaosahau hilo haraka kwa sababu mtu ana maneno matamu, na nadhani Kagawa alilitegea makusudi. Humu anamlazimisha Zeke kutembea katika handaki moja na Jackal. Jeb, mzee aliyemlea Zeke, alikufa kwa sababu ya mtu huyo. Darren alikuwa rafiki wa karibu wa Zeke. Na sasa wote wanahitajiana, kwa kuwa huko mbele kuna mbaya zaidi. Hakuna hotuba ya msamaha. Kuna Zeke anayeangalia mbele na kutembea, na kuna Jackal anayemchokoza kila baada ya hatua chache kuona atavunjika lini. Kama unatafuta sehemu moja ya kupima uandishi wa kitabu hiki, soma mazungumzo ya hao wawili.

Zeke amebadilika au ni yuleyule malaika?

Katika kitabu cha kwanza Zeke alikuwa mwema kiasi cha kuudhi. Alikuwa na imani ya Jeb, ramani ya Jeb na hasira za Jeb mgongoni. Humu Jeb hayupo, Eden imepatikana, na mtu aliyetembea maisha yake yote akitafuta mahali fulani amefika na kukuta haitoshi. Ameacha usalama wa Eden, mji ulio kisiwani, akapita nchi iliyojaa vichaa, ili amtafute Allison. Huko Eden alikubali wanasayansi wamfanyie majaribio ya dawa, jambo linalomfanya awe na thamani kubwa kwa watu wabaya.

Ukuaji wake ninaupenda zaidi pale ambapo hauhusiani na mapenzi. Zeke anajifunza kuwa kiongozi asiye na andiko la kumwongoza. Jeb alikuwa na kanuni moja ya vampaya na haikuwa na vighairi. Zeke amejionea kighairi kwa macho yake, na mwisho wa kitabu cha kwanza alimpa kighairi hicho damu ya mwili wake. Mtu aliyefanya hivyo hawezi tena kurudi kwenye kanuni ya baba. Anatafuta yake, anakosea, anaendelea.

Na Kanin?

Kwa sehemu kubwa ya kitabu hayupo, au yupo katika ndoto za Allison tu, na anapopatikana tayari ameambukizwa. Ni uamuzi wa kijasiri kumchukua mwalimu mwenye majibu yote na kumlaza chini.

Siri yake tunaijua kutoka kitabu cha kwanza. Ni yeye aliyewasaliti wenzake kwa kuwapa wanasayansi vampaya wa kufanyia majaribio, akitumaini dawa itaokoa pande zote. Kilichozaliwa ni vichaa. Vampaya wanamwinda kwa hilo, naye hajawahi kujitetea. Sasa anaangalia ugonjwa mwingine ukienea, na ugonjwa huo una mizizi katika kosa lake lilelile. Watu wanaouliza kama Kanin anakua humu nawaambia waangalie jinsi anavyomtegemea Allison. Mwalimu aliyezoea kuondoka kabla hajazoewa, safari hii hana nguvu za kuondoka. Lazima akae na kubebwa.

Stick yupo?

Yupo, na ana cheo. Yule mvulana aliyemlilia Allison kila siku kwamba ana njaa, kisha akawaita walinzi alipojua amekuwa vampaya, sasa anamtumikia Salazar, mtawala wa mji mwenye cheo cha Prince. Ana nguo safi na tumbo limejaa. Wapo wanaotaka alipiziwe kisasi. Mimi namwona kama mhusika wa kweli kuliko wote, kwa sababu hakuna zimwi ndani yake, kuna mtu aliyechoka kuwa dhaifu. Naye amekua, kwa njia yake. Si kila anayekua anakua kuelekea juu.

Sarren ana shida gani?

Kwa ufupi, alikuwa mmoja wa wale waliotolewa kwa wanasayansi. Uso wake wenye makovu, nyimbo na mashairi anayojiimbia huku anatesa watu, na chuki yake kwa Kanin, vyote vinatoka huko. Hataki kutawala kama Salazar wala kuwa na jeshi kama Jackal. Amefikia uamuzi kwamba dunia nzima, watu na vampaya na vichaa, ifutwe. Ugonjwa mpya ni kazi ya mikono yake.

Kati ya wahusika wote wakubwa ni yeye peke yake aliyesimama palepale. Amechukua maumivu yake akayageuza kuwa hoja, na hoja haipokei mtu mpya. Kila mwingine humu, hata Jackal, kuna mtu mmoja anayeweza kumbadilishia safari. Sarren hana.

Ni kweli katikati panachosha?

Kidogo, ndiyo. Wakishaingia New Covington wanashuka kwenye mahandaki, wanapanda mjini, wanashuka tena, na kuna wakati nilikuwa sijui tena tuko chini au juu. Pigano moja au mawili yangeweza kukatwa na hakuna ambaye angelia. Vumilia mpaka hospitali ya zamani, mambo yanakaza.

Mapenzi ni mengi?

Yapo ya kutosha na hayazidi. Hakuna ushindani wa wavulana wawili kumgombea msichana, na kwa riwaya ya vijana ya miaka ile hiyo peke yake ni nafuu. Kati ya Allison na Zeke swali si kama wanapendana. Swali ni kama inawezekana kumkumbatia mtu ambaye harufu ya damu yake inakupigia kelele. Kuna mistari ya mahaba iliyoungua kwa sukari nyingi, ila hudumu nusu ukurasa, kisha kichaa anatokea.

Mtoto wangu wa darasa la saba anaweza kukisoma?

Mimi ningengoja. Ukatili ni mwingi na umeandikwa kwa ukaribu: watu wanaojirarua nyuso kwa sababu ya ugonjwa, mateso, maiti. Matusi yapo, hasa kinywani mwa Jackal. Kwa kijana wa sekondari, hasa aliyeshafika kidato cha pili au cha tatu, sina wasiwasi. Kiingereza chake si kigumu: Allison anasimulia mwenyewe, sentensi fupi, maneno ya kawaida. Walimu wanaotafuta kitu cha kuwashawishi wanafunzi wasiopenda kusoma wanaweza kujaribu sura za mwanzo za kitabu cha kwanza, pale watatu wanaponyongwa kwenye eneo la maghala ya zamani na mji mzima umekusanyika kuangalia. Sijaona mtu akiishia hapo.

Kiliandikwa baada ya Korona?

Hapana, kilitoka miaka saba kabla. Kukisoma leo kunashtua kwa sababu hiyo: mji uliofungwa, watu wanaomwogopa yeyote anayekohoa, viongozi wanaotoa amri kutoka ghorofani huku watu wa pembezoni wakizika. Mambo hayo hakuyatabiri. Magonjwa ya mlipuko yalishaandikwa sana kabla yake, na hata kuyaunganisha na wanyonya damu si jambo jipya. Richard Matheson alifanya hivyo mwaka 1954 katika I Am Legend.

ONYO, hili linatoboa siri: mwisho ule maana yake nini? Zeke amekufa?

Ruka kama hujamaliza kitabu.

Allison anaamini amekufa, na sisi tunaamini pamoja naye, kwa sababu tunajua anachojua yeye tu. Sarren amemchukua Zeke, amemtesa, na lengo lake sasa ni Eden. Kisha zinakuja kurasa chache za mwisho, nje ya sauti ya Allison, na tunaona kwamba Zeke anafumbua macho. Hafumbui kama binadamu.

Wengi walikasirika, wakasema ni hila ya kuuza kitabu cha tatu. Ni hila, sikatai. Ila tazama inamfanyia nini Allison. Kitabu kizima amekuwa akijizuia, na sababu kubwa ya kujizuia ilikuwa macho ya Zeke yakimwangalia. Sasa macho hayo hayapo. Kama alichojifunza kilikuwa cha kwake au kilikuwa cha kumpendeza mtu, hatujui, na yeye hajui. Kwa Zeke nako mambo yamepinduliwa: mvulana aliyempa Allison damu kwa hiari amepewa hali ileile ya Allison, ila hakuna Kanin aliyepiga magoti pembeni kumuuliza kama anaitaka.

Nisome kwa mpangilio upi?

The Immortal Rules, The Eternity Cure, The Forever Song. Kuna pia hadithi fupi ya kabla ya yote, Dawn of Eden, inayomfuata daktari wa kike siku ambazo Red Lung inaua na vichaa wa kwanza wanaanza kuamka. Ilichapwa mwaka 2013 ndani ya mkusanyo uitwao 'Til the World Ends, pamoja na hadithi za waandishi wengine. Isome baada ya kitabu cha kwanza na kabla ya cha pili.